Kamera ya Mjomba Imezeekea Wapi?

Mada yangu mwaka huu ni swali moja tu: kifaa huzeeka vipi?

Mjomba wangu huwapiga picha wageni hapa Malindi, karibu na nguzo ya Vasco da Gama. Zamani alitumia kamera ya filamu, picha 36 kwa mkanda mmoja, kisha azipeleke mjini zikasafishwe. Filamu ilipoanza kuwa adimu alinunua kamera ya dijitali. Hapo hakuwa na la kufanya. Lakini ile kamera ya pili ya dijitali ndiyo siielewi hata leo. Ya kwanza ilikuwa ya megapikseli 12, nzima kabisa. Siku moja mteja aliitazama akasema, "Kumbe bado watumia hii?" Picha yenyewe hata hajaiona! Basi mjomba akaingia deni, akanunua ya megapikseli 24.

Haya, tufanye hesabu. Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Picha anayouza mjomba ni ya inchi 4 kwa 6, na printa nzuri huchapa nukta 300 kwa kila inchi. 4 mara 300 ni 1,200. 6 mara 300 ni 1,800. Zidisha, utapata 2,160,000. Yaani megapikseli mbili na kidogo! Zile 12 zilikuwa zinabaki tele. Ni kweli ukitaka picha kubwa ya kutundika ukutani nukta nyingi zafaa, lakini nani pale ufuoni aliwahi kuitisha picha ya ukuta mzima?

Mimi naona kifaa huzeeka kwa njia tatu. Kwanza huharibika, kama redio iliyoingia maji ya chumvi. Hiyo haina maneno. Pili, chenyewe ni kizima ila mitambo inayokilisha imebadilishwa. Mwaka 2015 Kenya ilimaliza kuzima matangazo ya televisheni ya analogi, na televisheni nzima kabisa zikawa hazionyeshi kitu bila king'amuzi. WhatsApp nayo iliacha kufanya kazi katika simu za Android 4.4 na za nyuma yake. Hapo mnunuzi hulazimishwa tu.

Tatu ndiyo ya mjomba: kifaa huzeeka machoni mwa watu. Ujanja huu si wa leo. Huko Marekani, miaka ya 1920, General Motors ilianza kutoa magari ya sura mpya kila mwaka, ili mwenye gari la mwaka jana ajione amebaki nyuma.

Nami simo nje. Likizo ya Aprili nilimsumbua mama anichukulie simu ya kamera tatu, ya kulipa shilingi 50 kila siku mwaka mzima. Hiyo ni 18,250, na bei ya taslimu ilikuwa 12,000! Mama, ambaye huuza viazi karai, aliniuliza, "Mwanangu, hiyo uliyo nayo ina nini?" Nikakosa jibu. Kumbe ilikuwa betri tu, haikai na chaji. Fundi aliibadilisha kwa shilingi 600.

Deni la mjomba limebakisha miezi minne. Ile kamera ya 12 amenipa mimi. "Mjomba, itunze," akaniambia. Picha ya wanachama mliyoiona ukurasa wa kwanza wa jarida hili nimeipiga nayo.