Igizo la Msafara na Hongo ya Ugogo katika Somo la Historia

Miongoni mwa mbinu za kufundishia Historia, igizo ndilo linalosifiwa sana vyuoni na kutumiwa kidogo madarasani. Sababu yake si uvivu wa walimu. Aghalabu mwalimu mpya huandaa igizo kana kwamba anaandaa sherehe ya kufunga shule: wanafunzi hukariri maneno, huvikwa mashuka ya vitanda, wageni hupiga makofi, na mwishowe mtoto aliyekuwa mfalme hajui mfalme huyo alikula nini wala mali yake ilitoka wapi. Katika makala haya tunakusudia kueleza njia nyingine, ambayo tumeijaribu pamoja na wanachuo wetu wakati wa mazoezi ya kufundisha, na ambayo yafaa madarasa ya juu ya shule ya msingi na kidato cha kwanza na cha pili. Msingi wake ni kwamba igizo la historia lianze na vifaa, si maneno. Mwanafunzi akiisha kuinua mzigo wa uzito wa kweli na kupima nguo kwa kipimo cha kweli, maneno atayapata mwenyewe.

Jambo hili si geni ulimwenguni. Uingereza kuna chama kiitwacho Sealed Knot, kilichoanzishwa mwaka 1968, ambacho huigiza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17. Na kuna watu wazima wanaoigiza mapigano ya Hastings ya mwaka 1066 mahali pale pale yalipotokea. Wapolandi huigiza vita vya Grunwald vya mwaka 1410. Huko Lejre, nchini Denmark, tangu mwaka 1964 pana kituo ambamo watu hujaribu kujenga, kufua chuma na kupika kwa namna ya kale ili wajue kazi hizo zilifanywaje. Wenye kushika shughuli hizi kwa makini huona haya kuvaa vazi lililoshonwa kwa uzi usiokuwako zama zile. Mapigano yao hatuyahitaji. Ukali wao juu ya vifaa ndio unaotufaa.

Mwalimu aweza kuuliza: mbona basi tusiigize Kilwa ya mwaka 1331, alipoizuru Ibn Battuta? Shule za pwani zingefanya vema kuiigiza. Lakini mtoto wa Dodoma hana msikiti wa mawe wa kuugusa. Alicho nacho ni njia. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, mwendo wa kilomita 1,200 hivi, ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo, kisha ikalikabili pori la Mgunda Mkali kabla ya kufika Unyamwezi. Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 na kufika Unyanyembe mwezi Juni, alipita Mvumi na Bihawana, majina ambayo mwanafunzi wa Dodoma huyasoma kila siku katika vibao vya mabasi. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii katika orodha ya mapendekezo yake ya Urithi wa Dunia, na Mpwapwa na Kilimatinde zimo miongoni mwa vituo vilivyotajwa.

Tuliteua tukio moja tu la njia hiyo: msafara kufika Ugogo na kudaiwa hongo. Hapa mwalimu atakutana na tatizo la lugha kabla hajakutana na la historia. Kwa mwanafunzi wa leo, hongo ni rushwa. Ni fedha inayopitishwa chini ya meza, jambo la aibu na la mahakamani. Zama zile hongo ilikuwa ushuru wa njia. Ililipwa mchana mbele ya watu, kwa mtemi anayejulikana, baada ya majadiliano yaliyoweza kuchukua siku kadhaa, na aliyelipa alipewa ruhusa ya kuteka maji, kununua chakula na kupita salama. Mwalimu asipoliweka hili wazi tangu mwanzo, darasa zima litacheka mtemi anapoingia, na kicheko hicho kitafunza uongo. Tumeona watoto wa Kigogo wakiinamisha vichwa wakati wenzao wakiimba kwamba babu zao walikuwa wala rushwa. Hilo si jambo dogo la kupuuzwa katika shule.

Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vilizidisha ubaya huo, kwani wengi wao waliandika juu ya hongo kama watu walionyang'anywa. Lakini tazama nchi yenyewe. Mvua ya Dodoma kwa mwaka ni milimita 500 na ushei tu, nayo hunyesha kwa miezi michache. Kutoka Chunyo hadi Mvumi palikuwa na nyika ya kilomita 50 hivi isiyo na maji ya kutegemewa, na jina la Marenga Mkali lenyewe lasema maji yake yalikuwa machungu. Sasa fikiri msafara wa watu mia kadhaa, wenye kiu ya siku mbili, unafika penye visima ambavyo watu wa kijiji wamevichimba kwa mikono na kuvitegemea wao na ng'ombe wao mpaka masika. Maji hayo yana mwenyewe. Mtama na uwele uliomo katika ghala za tembe nao una mwenyewe, na mwaka wa ukame hautoshi hata wenyeji. Hili ndilo tunalotaka mwanafunzi aligundue katika igizo, badala ya kuambiwa.

Tuanze na mzigo. Mpagazi wa kawaida alichukua kiasi cha frasila 2, yaani kama kilo 32, mbali na mkeka wake, chungu chake na posho yake. Mwalimu ajaze mchanga katika gunia hata mizani isome kilo 32, kisha aliache mbele ya darasa. Asimtwishe mtoto gunia hilo; wawili wawili waliinue kidogo tu kutoka ardhini, inatosha. Kwa mwendo wa igizo kila mmoja achukue mzigo wa kilo 4 au 5, na msafara uzunguke uwanja wa michezo mara kadhaa saa nne asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda. Baada ya mizunguko hiyo hakuna mwanafunzi atakayeuliza kwa nini wapagazi waligoma au walitoroka. Kadhalika watajua kwamba kuchukua mzigo ilikuwa kazi yenye ustadi. Wengi wa wapagazi hao, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliopatana ujira, na aghalabu waliandamana na wake na watoto wao. Watoto wengi huja darasani wakiamini kwamba kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Kosa hilo lisahihishwe hapa hapa, gunia likiwa bado mbele yao.

Baada ya mzigo ni nguo, kwa kuwa nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya safari, pamoja na shanga na masango ya shaba. Merikani, nguo nyeupe ya pamba isiyotiwa rangi, ilipewa jina hilo kwa kuwa ilitoka Marekani. Kaniki, ya rangi ya nili iliyoiva hata kuelekea weusi, ilitoka Bara Hindi. Kaniki ingaliko madukani, ila mwalimu azungumze na wazazi kwanza, maana siku hizi wengi huihusisha na uganga, na mtoto aweza kukatazwa kuishika. Kipimo kilikuwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ni shuka, na shuka 2 ni doti. Wanafunzi wapime doti moja ya kweli kwa mikono yao. Mrefu wa darasa atapata doti moja, mfupi atapata nyingine, na ugomvi utazuka bila mwalimu kuuchochea: doti ya nani ndiyo ya haki? Acheni ugomvi huo uendelee. Hesabu nzuri ya vipimo imo humo, na sababu moja ya majadiliano ya hongo kuchukua siku nyingi imo humo pia.

Kuhusu mavazi tutasema machache. Kirangozi, kiongozi wa mbele, alielezwa na wasafiri kuwa alivaa joho jekundu, ngozi ya mbega na manyoya kichwani. Hilo hufurahisha watoto na ni rahisi kulitengeneza kwa karatasi na vitambaa. Misafara ya watu wa Unguja ilichukua bendera nyekundu ya Sultani. Bunduki zao za gumegume zichongwe kwa mti, tena zisielekezwe kwa mtu. Hatari ipo upande wa pili. Wanachuo wengi, wakiandaa Wagogo wa kale, huwapaka watoto masizi, huwafunga majani viunoni na kuwapa miguno badala ya maneno. Huo ni upuuzi, na hautoki Ugogo bali katika sinema. Wagogo walikuwa wafugaji na wakulima wenye mikuki, ngao na mapambo ya masikioni, na nguo za biashara walizivaa pia. Chaki itoshe kuchora tembe sakafuni, mstatili wenye ua katikati. Watoto wasalimie kwa Kigogo. "Mbukwenyi" huijua hata mgeni aliyefika Dodoma jana. Kama shule ina mtoto apigaye zeze, asiachwe nje.

Ni vizuri kumwalika mzee wa kijiji, lakini mwalimu ajiandae. Ukimwuliza mzee wa Ugogo habari za kubeba mizigo, mara nyingi atakujibu kwa masimulizi aliyopokea juu ya Vita Kuu ya Kwanza na njaa ya Mtunya iliyofuata, wakati nafaka, mifugo na vijana vilipochukuliwa na majeshi. Masimulizi hayo ni ya thamani, ila ni ya zama nyingine. Reli ilikwisha kufika Dodoma mwaka 1910, na misafara mikubwa ilikuwa inakoma. Mwalimu aandike nyakati hizo mbili ubaoni, kila moja mahali pake, mzee angali anasema.

Sasa majadiliano yenyewe. Tarakimu tunazozitaja ni za kufundishia tu. Msafara una doti 40, na mbele yake zimebaki tembe 5 za kulipia kabla ya Mgunda Mkali. Mnyampara ndiye mwenye kujua hesabu, na haruhusiwi kuitangaza. Upande wa mtemi kuna ndoo moja ya maji, ambayo ndiyo kisima. Kila dakika 5 za majadiliano msafara hunywa kikombe kimoja na ng'ombe wa kijiji vikombe viwili, na maji hayaongezwi. Wanawake wa kijiji wana vibaba vya mtama vya kuuza, na bei huipanga wao. Kila mpagazi anahitaji kibaba kimoja kwa siku. Mwalimu asiwape maneno ya kusema. Awape nafasi zao, yaani mtemi, wazee wake, wenye visima, wauza mtama, mnyampara, kirangozi, tajiri wa msafara na wapagazi wenye kiu, kisha akae kimya. Katika darasa moja msafara ulilipa doti 12 ukaondoka. Katika jingine tajiri alikataa, maji yakaisha, na wapagazi wakaweka mizigo chini wakaenda kuzungumza na mtemi wao wenyewe. Mambo ya namna hiyo yalitokea kweli njiani, na hakuna aliyekuwa amewafundisha watoto hao.

Limebaki jambo zito. Katika misafara mingi iliyorudi pwani walikuwamo mateka waliokwenda kuuzwa, na mwalimu mwaminifu hawezi kulificha. Hata hivyo tunawasihi walimu wenzetu: msimfunge mtoto kamba, hata kwa mchezo, hata akikubali. Mnajua nani huchaguliwa. Ni yule asiye na viatu, au wa kabila lenye watu wachache darasani, na jina la utani atakalopata siku hiyo atalibeba hata amalize shule. Sisi huweka kamba tupu yenye mafundo kando ya njia, na msafara huipita. Wanafunzi huuliza ni ya nini. Hapo mwalimu husimamisha igizo na kueleza kwa lugha ya kawaida, bila ngoma wala vazi: nani walitekwa, nani waliwateka, nani walinunua, na kwamba wenyeji wa bara nao walikuwamo miongoni mwa wauzaji. Igizo lisiendelee mpaka maswali yaishe, hata kengele ikilia.

Kipindi kinachofuata kitumike kwa kusoma. Mwalimu asome ubaoni maelezo mafupi ya hongo aliyoyatayarisha kutokana na msafiri wa Kizungu, na mengine kutokana na Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kisha awaulize waliokuwa wenye visima: haya yameandikwa na nani, naye alikuwa amesimama upande gani wa ndoo? Zoezi la kuandika liwe barua ya mtemi kwa tajiri wa msafara ujao, akieleza anadai nini na kwa sababu gani.

Igizo hili lifanyike kati ya Juni na Septemba, baada ya mavuno, wakati uwanja umekauka na watoto wanaweza kuona kwa macho yao visima vya kijiji vikishuka. Gunia la kilo 32 lisimwagwe. Libaki pembeni mwa darasa. Mwalimu wa Hisabati atakapofika kwenye vipimo vya uzito atalihitaji.