Fidia Si Sadaka

Mara nyingi mtu akiumia kazini katika mji wetu huu, tajiri humpelekea noti mbili tatu na mfuko wa unga, watu wakamsifu kwa ukarimu, na mambo yakaishia hapo. Leo twapenda kulieleza jambo hili, kwani ndani yake mna dhuluma iliyovikwa nguo ya wema.

Neno kibarua asili yake ni barua ndogo, yaani kipande cha karatasi apewacho mtu kwa kazi ya siku moja. Hivyo ndivyo makuli wengi wa Kilindini walivyoajiriwa zamani. Jua likitua kipande kimekwisha, na tajiri akajiona wajibu wake nao umekwisha. Lakini mguu uliopondwa na shehena hauponi kwa kutua jua. Na ubepari ndio huo: faida ya kazi humwendea mwenye mali, na hasara ya mwili huachiwa mwenye mwili, mkewe na wanawe. Watu wapatao 15,000 walipogoma kisiwani Januari 1947, walikuwa wamechoshwa na ujira mdogo na maisha yasiyo na uhakika wa kesho.

Leo iko Sheria ya Mafao ya Kuumia Kazini ya mwaka 2007. Yamlazimu mwajiri kuwakatia wafanyakazi wake bima, na kulipa gharama za matibabu ya aliyeumia. Aliyelemaa kabisa maisha yake hukadiriwa fidia kwa ujira wa miezi 96. Basi mwenye kupata shilingi 15,000 kwa mwezi, haki yake ni 1,440,000. Aliyelemaa kwa sehemu hupata kwa kadiri ya ulemavu wake. Na dai lapasa kupelekwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali.

Basi na tutenganishe mambo mawili. Sadaka ni hiari ya mtoaji. Fidia ni deni, na deni halilipwi kwa sadaka. Adaiwaye milioni akatoa unga hajalipa kitu. Amejinunulia sifa kwa mali ya mdai wake.

Ewe uliyeumia, kudai si kuomba, usione haya. Mwarifu tajiri upesi, hifadhi vyeti vya daktari, wala usitie kidole katika karatasi usiyosomewa. Nanyi jamaa na majirani, fuataneni naye hadi afisi ya kazi kabla miezi haijapita. Nawe tajiri uswaliye naye safu moja, mlipe kwanza, kisha ukipenda mpe sadaka.