Gugu karoti huanzia barabarani

Mvua za kwanza zikishanyesha Tabora, macho ya mkulima yote huwa kwenye tumbaku na mahindi. Msimu huu naomba yaanzie nje ya shamba: ukingo wa barabara, mnada wa ng'ombe, mahali malori yanaposhushia mizigo.

Huko ndiko gugu karoti huanzia. Gugu hili lilitoka Amerika ya kitropiki. Nchini mwetu liligundulika Arusha mwaka 2010. Husafiri kwa tope la matairi, kwato za mifugo na mbegu zisizopepetwa vizuri, na Tabora ni njia panda tangu enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji.

Likiwa changa hutandaza majani chini, yamechanikachanika kama ya karoti. Kisha shina lenye mifereji na vinyweleo hunyanyuka hadi kiunoni au zaidi, likatoa vichwa vingi vya maua meupe, vidogo mno. Usilichanganye na kishona nguo: mbegu za gugu karoti hazing'ang'anii suruali. Mwezi mmoja tu baada ya kuota laweza kuchanua, na mche mmoja ulionawiri hutoa mbegu zaidi ya 10,000.

Wengi huhofia litanyang'anya mahindi maji na mbolea. Mimi naogopa zaidi chavua yake. Mwaka 2000, katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, virusi viliua karanga mashamba kwa mashamba. Chavua ya gugu hili ilibeba virusi, na wadudu wadogo waitwao thripsi wakavipenyeza kwenye majani ya karanga. Gugu lenyewe lilibaki kijani, bila dalili yoyote. Virusi hivyo hushambulia pia tumbaku na alizeti, na sisi mazao yote matatu tunayo.

Ling'oe na mzizi wake udongo ukiwa na unyevu, kabla halijachanua. Ukilifyeka litachipua tena. Vaa glovu na shati la mikono mirefu, ufunike pua, kwani huwasha ngozi na kuamsha pumu. Watoto wasipewe kazi hii. Lililokwisha chanua litie kwenye mfuko ukalichome, usilitupe kwenye mboji. Ng'ombe naye asilile, maziwa yatakuwa machungu. Pita tena kila baada ya wiki mbili, na msimu ujao pia, maana mbegu hudumu ardhini miaka kadhaa.

Ukingo wa barabara hauna mwenyewe, kwa hiyo vyama vyetu vya ushirika wa mazao (AMCOS) vitenge siku ya kuukagua pamoja. Ukilitilia shaka, piga picha umpelekee afisa ugani wa kata, naye ataifikisha kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA).