Sura ya Tisa: Nguvu ya Mvuke

Katika sura iliyotangulia ulijifunza kwamba maji huwa katika hali tatu: barafu, maji na mvuke. Ulijifunza pia kwamba maji yakipashwa moto hadi nyuzi 100 za sentigredi huchemka na kugeuka kuwa mvuke. Katika sura hii utajifunza jinsi mvuke unavyoweza kuvuta mizigo mizito. Mfano wetu ni garimoshi la nchi ya Argentina, katika bara la Amerika ya Kusini.

1. Reli ya Patagonia

Fungua atlasi yako utazame ramani ya Amerika ya Kusini. Kusini mwa Argentina utaona eneo kubwa liitwalo Patagonia. Upande wake wa magharibi imesimama milima ya Andes. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni kavu, na upepo huvuma kwa nguvu sana. Kwa kuwa Patagonia iko mbali kusini mwa ikweta, baridi kali huja kati ya Juni na Agosti, na theluji huanguka. Baadhi ya wakazi wake hufuga kondoo kwa ajili ya sufu.

Zamani ilikuwa vigumu kusafirisha sufu na bidhaa nyingine katika nchi kubwa kama hiyo. Kwa hiyo ilijengwa reli yenye urefu wa kilometa 402, kutoka mji wa Ingeniero Jacobacci hadi mji wa Esquel. Injini zake ziliagizwa mwaka 1922. Nyingine zilitengenezwa na kiwanda cha Henschel cha Ujerumani, na nyingine na kiwanda cha Baldwin cha Marekani. Ujenzi ulichukua miaka mingi, na reli ilifika Esquel mwaka 1945.

Reli hii ni nyembamba. Nafasi kati ya chuma kimoja cha reli na chuma cha pili ni milimeta 750 tu, yaani sentimeta 75. Ndiyo maana watu wa huko huiita La Trochita, maana yake kwa Kihispania ni njia ndogo nyembamba.

Kazi ya kufanya: Chukua rula na chaki. Chora sakafuni mistari miwili iliyoachana kwa sentimeta 75. Kando yake chora mistari mingine miwili iliyoachana kwa sentimeta 100. Huo wa pili ndio upana wa reli ya zamani itokayo Mombasa kwenda Kampala, na ya zamani itokayo Dar es Salaam kwenda Kigoma. Linganisha. Ipi ni nyembamba zaidi?

Kwa nini wajenzi walichagua reli nyembamba? Reli nyembamba inaweza kupinda kwa kona kali zaidi. Garimoshi huzunguka kilima badala ya kukitoboa. Mataruma yake ni mafupi, injini zake ni ndogo, na udongo wa kuchimbwa ni mchache. Kwa hiyo gharama hupungua. Lakini lipo pia jambo la hasara: garimoshi la reli nyembamba haliwezi kubeba mizigo mikubwa sana, wala kukimbia sana.

2. Jaribio: Je, mvuke unaweza kusukuma kitu?

Jaribio hili lifanywe na mwalimu. Wanafunzi wasimame mbali kidogo na moto.

Vifaa: sufuria ndogo yenye mfuniko mwepesi, maji, jiko, na sahani baridi.

Hatua:
(a) Tia maji katika sufuria hadi nusu. Ifunike, kisha uiweke jikoni.
(b) Subiri mpaka maji yachemke. Tazama mfuniko.
(c) Mwalimu aondoe mfuniko kwa kitambaa, kisha ashike sahani baridi juu ya mvuke kwa muda mfupi.

Uliona nini? Maji yalipochemka, mfuniko ulianza kuruka na kugonga. Haukuguswa na mkono wa mtu. Ulisukumwa na mvuke. Kwenye sahani yalitokea matone ya maji. Mvuke ulipogusa kitu baridi uligeuka tena kuwa maji.

Onyo: Usiweke kamwe motoni kopo au chupa iliyofungwa. Sababu yake utaielewa kabla ya kumaliza sura hii.

3. Kwa nini mvuke husukuma?

Maji yanapogeuka kuwa mvuke hutaka nafasi kubwa sana. Lita 1 ya maji ikichemka yote, hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Fikiri juu ya debe la lita 20. Mvuke wa lita moja tu ya maji ungeweza kujaza madebe 80 ya namna hiyo!

Sasa, je, mvuke huo ukifungiwa ndani ya chombo cha chuma ambacho hakitanuki, itakuwaje? Mvuke ni chembe ndogo sana zinazokwenda huku na huku kwa kasi. Chembe hizo huzipiga kuta za chombo bila kupumzika. Kadiri mvuke unavyozidi kuwa mwingi na wa moto ndani ya chombo, ndivyo kuta zinavyosukumwa kwa nguvu zaidi. Msukumo huo juu ya kila sehemu ya ukuta huitwa kanieneo.

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Katika sufuria iliyo wazi, maji huchemka yakifikia nyuzi 100. Lakini ndani ya chombo kilichofungwa, kanieneo ya mvuke huyazuia yasichemke mapema. Kwa hiyo maji yaliyo ndani ya injini ya mvuke huwa na joto linalozidi sana nyuzi 100.

4. Safari ya mvuke ndani ya injini

Sasa tufuate safari ya mvuke ndani ya injini ya La Trochita.

Kwanza ni tanuri. Injini hizi hazichomi makaa ya mawe, bali mafuta mazito. Mafuta hayo hubebwa pamoja na akiba ya maji nyuma ya injini. Hunyunyizwa ndani ya tanuri kama matone madogo ili yapate hewa ya kutosha na kuwaka vizuri.

Pili ni boila. Hii ni pipa kubwa la chuma lenye maji. Ndani yake zimepita bomba nyingi nyembamba. Hewa ya moto kutoka tanuri hupita ndani ya bomba hizo, na maji huzizunguka kwa nje. Kwa nini bomba nyingi badala ya moja? Kwa sababu bomba nyingi zina eneo kubwa la kugusana na maji, na hivyo maji hupata joto upesi.

Tatu, mvuke hukusanyika juu ya maji. Dereva akivuta mkono wa chuma ulio mbele yake, mlango hufunguka na mvuke huenda kwenye silinda. Injini ina silinda mbili, moja kila upande.

Nne, ndani ya kila silinda mna pistoni. Valvu huruhusu mvuke uingie upande mmoja wa pistoni, kisha upande wa pili. Hivyo pistoni husukumwa mbele na nyuma, mbele na nyuma.

Tano, pistoni imeunganishwa na magurudumu kwa mikono ya chuma. Mikono hiyo hugeuza mwendo wa mbele na nyuma kuwa mwendo wa kuzunguka. Injini ya La Trochita ina magurudumu makubwa manane ya kuvutia, manne kila upande, yaliyounganishwa ili yazunguke pamoja. Mbele yake yako magurudumu madogo mawili, na nyuma yako mawili mengine.

Sita, mvuke ukimaliza kazi hutoka kwa nguvu kupitia bomba la moshi. Ukitoka huvuta pamoja nao moshi wa tanuri, na hewa mpya huingia kwenye moto. Ndiyo maana garimoshi likienda kasi, moto wake nao huwaka zaidi. Hapo ndipo inapotoka ile sauti ya "chu! chu! chu!" Magurudumu makubwa yakizunguka mara moja, sauti hiyo husikika mara nne, kwa kuwa kila silinda hutoa mvuke mara mbili.

Watu wengi hudhani kwamba wingu jeupe linalotoka kwenye garimoshi ni mvuke. Mvuke wenyewe hauonekani kwa macho. Wingu lile ni matone madogo ya maji, kama yale uliyoyaona kwenye sahani. Katika baridi ya Patagonia wingu hilo huwa kubwa na zito. Je, unaweza kueleza kwa nini?

Basi tazama jinsi nishati inavyobadilika: nishati iliyomo ndani ya mafuta hugeuka kuwa joto, na joto hugeuka kuwa mwendo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya joto hupotea kupitia bomba la moshi na kuta za injini. Kwa kawaida injini ya mvuke ya reli hutumia chini ya sehemu 1 kati ya sehemu 10 za joto lake kuvuta mabehewa. Hiyo ni sababu moja iliyozifanya nchi nyingi ziache injini za mvuke na kutumia injini za dizeli na za umeme.

5. Kuyalinda maji

Dereva wa injini ya mvuke hafanyi kazi peke yake. Yuko pia mchochea moto, ambaye huangalia moto na maji. Ukiwauliza watu hawa ni kitu gani wanachokiogopa zaidi, hawatakuambia ni baridi wala upepo. Watakuambia ni boila kupungukiwa na maji.

Tanuri limezungukwa na maji pande zake na juu yake. Moto ni mkali sana, lakini chuma cha paa la tanuri hakiharibiki, kwa sababu maji yaliyo juu yake hulichukua joto. Maji yakipungua mpaka paa hilo libaki wazi, chuma hupata joto kupita kiasi na kulegea. Hapo kanieneo ya mvuke hukibonyeza na kukipasua. Mara ile maji yote ya moto yaliyobaki hupata nafasi wazi, na mengi yake hugeuka kuwa mvuke kwa ghafula. Kumbuka: kila lita 1 inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600! Boila hulipuka kama bomu. Katika miaka ya mwanzo ya reli, madereva na wachochea moto wengi duniani walikufa kwa njia hiyo.

Kwa hiyo injini za mvuke huwekwa vifaa vya kulinda maisha:

(a) Kioo cha maji. Ni bomba la kioo lililosimama mbele ya macho ya wafanyakazi. Maji ndani yake husimama sawa na maji yaliyo ndani ya boila. Mchochea moto hukitazama kila mara.
(b) Valvu ya usalama. Mvuke ukizidi kiasi, valvu hii hufunguka yenyewe na kuutoa nje. Hufanya kazi kama mfuniko wa sufuria katika jaribio letu.
(c) Injekta. Kifaa hiki hutumia nguvu ya mvuke wenyewe kusukuma maji mapya ndani ya boila.

Injini hunywa maji mengi safarini. Kwa sababu hiyo, katika nchi kavu kama Patagonia, yalijengwa matangi ya maji penye vituo njiani. Mafuta bila maji hayawezi kuliendesha garimoshi la mvuke hata hatua moja.

Abiria nao walihitaji moto. Katika mabehewa kulikuwa na majiko madogo ya kuni. Abiria waliota moto na kuchemsha maji ya kutengeneza mate, kinywaji cha majani kinachopendwa sana Argentina.

6. La Trochita katika miaka ya baadaye

Mwaka 1993 serikali ya Argentina iliacha kuiendesha reli hii, kwa sababu gharama zake zilizidi mapato. Majimbo ya Chubut na Río Negro hayakukubali reli ife, yakaichukua na kuendesha sehemu zake. Mwaka 1999 reli hiyo ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria ya taifa. Tangu hapo safari zake zimekuwa hasa za watalii, katika sehemu fupi, kama ile kati ya Esquel na Nahuel Pan.

Viwanda vilivyotengeneza injini hizo havitengenezi tena vipuri vyake. Chuma kikichakaa, mafundi wa karakana ya El Maitén hutengeneza kipuri kipya kwa mikono na mashine zao. Kwa elimu na bidii yao, injini zilizoagizwa mwaka 1922 zimeendelea kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 100.

Muhtasari

Maji yakigeuka kuwa mvuke hutanuka sana. Mvuke uliofungiwa husukuma kuta za chombo; msukumo huo juu ya kila sehemu ya ukuta huitwa kanieneo. Injini ya mvuke hutumia msukumo huo kusogeza pistoni na kuzungusha magurudumu. Nguvu hiyo ikiachwa bila kuangaliwa huua. Ikiongozwa vizuri humtumikia binadamu.

Zoezi

1. Taja hali tatu za maji.
2. Lita 3 za maji zikichemka zote, zitatoa zaidi ya lita ngapi za mvuke?
3. Eleza kazi ya pistoni.
4. Magurudumu makubwa ya La Trochita yakizunguka mara 50, sauti ya "chu!" itasikika mara ngapi?
5. Kwa nini ni hatari kuweka kopo lililofungwa kwenye moto?
6. Tuseme garimoshi linakwenda kilometa 30 kwa saa. Likitoka Ingeniero Jacobacci na kusafiri kwa saa 13 bila kusimama, litakuwa limebakiza kilometa ngapi kufika Esquel?
7. Chora sufuria yenye maji yanayochemka na mfuniko wake. Onyesha kwa mshale upande ambao mvuke unasukuma.
8. Waulize wazee wa mahali unapoishi kama waliwahi kuona garimoshi la mvuke. Andika mambo matatu watakayokueleza, uyasome darasani.