Nimeacha nyama, mchana nile nini?

SWALI: Nimeacha nyama mwezi huu. Nafanya kazi mjini Nyeri. Vipande vya soya vimenishinda, ni kama sponji. Nifanyeje?

JIBU: Viloweke kwenye maji moto yenye chumvi, uvikamue kabisa, kisha uvikaange kwa kitunguu, nyanya na dania. Visipokamuliwa havishiki viungo. Lakini usijilazimishe: uko kwenye nchi ya njahi! Githeri, mukimo, ndengu kwa chapati, hivi ni vyakula kamili, havijaja kuziba pengo la nyama. Hotelini uliza kwanza kama githeri imetiwa supu ya mifupa. Chai isubiri saa moja baada ya mlo, kwani hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma; chungwa huusaidia. Ukiacha pia maziwa na mayai, tafuta vidonge vya vitamini B12, maana maharagwe hayana.