Neno "Quick" katika Imani ya Mitume



Katika ibada za Kiingereza zifuatazo Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, tunapoikiri Imani ya Mitume twakutana na neno quick. Twakiri kwamba Kristo atawahukumu walio quick pamoja na waliokufa. Vijana wetu wamefundishwa shuleni kuwa neno hili maana yake ni "upesi". Basi wengine huuliza: Je, Bwana atawahukumu wenye mbio tu? Na wazee wetu wanaotembea kwa mkongojo, itakuwaje? Swali hili si la kuchekwa.

Zamani sana Waingereza walilitumia neno hili kwa maana ya "hai". Ni ndugu wa neno la Kilatini vivus, lenye maana hiyo hiyo. Maana ya upesi ilikuja baadaye, wala si vigumu kuona sababu yake: kilicho hai hujongea, kilichokufa hutulia. Polepole watu wakauacha uhai, wakashika mwendo.

Hata hivyo, mabaki ya maana ya kwanza yapo. Nyama iliyo chini ya ukucha, ambayo ikiguswa na wembe mtu hushtuka kwa uchungu, Waingereza huiita quick, kwa kuwa ukucha hauna uhai bali nyama ile inao. Zebaki waliiita "fedha iliyo hai", maana haitulii mkononi. Na mama mjamzito anapousikia mchezo wa kwanza wa mtoto tumboni, tukio hilo nalo lina jina litokanalo na neno hili.

Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Waebrania 4:12, Neno la Mungu limeitwa quick. Asiyejua maana ya kale atadhani kuwa Neno hilo lina haraka. Naye akiomba leo asijibiwe kesho, atakata tamaa. Fasiri ya Agano Jipya ya mwaka 1881 iliandika mahali hapo neno la kawaida la Kiingereza lenye maana ya "hai". Sisi wa Kiswahili hatuna shida hiyo, kwani Biblia yetu yatuambia wazi kuwa Neno li hai. Tena katika Waefeso 2:5 twasoma kuwa Mungu alituhuisha; na "huisha" latokana na "hai".

Ndugu zangu, kosa la vijana laweza kuwa letu pia. Twaweza kudhani kuwa mwenye haraka ndiye aliye hai. Kanisa lenye vikao vingi, michango mingi na safari nyingi za kwaya huonekana lina uhai. Lakini tukumbuke kanisa la Sardi, Ufunuo 3:1, lililosifiwa kuwa li hai, kumbe limekufa. Na bibi kizee asiyeweza tena kufika kanisani, lakini anayewaombea majirani zake kitandani kila alfajiri, huyo ndiye quick kwa maana ile ya kwanza.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
1. Katika mtaa wetu, ni shughuli gani zenye mwendo lakini hazina uhai?
2. Ni nani aliye hai katika imani ambaye tumemsahau kwa kuwa haonekani? Twende tukamtembelee juma hili.

Bwana atuhuishe sote.