SOMO LA SOKO: Wiski iliyomalizia kwenye pipa la mvinyo

Wiski ya Ireland yenye neno "Port" au "Madeira" kwenye lebo huuzwa ghali kuliko wiski ya kawaida ya nchi hiyo hiyo. Mwenye grosari mjini Babati anayeletewa chupa hizo kutoka Arusha analazimika kuamua kama atafunga mtaji wake humo. Wengi huamua kwa kuangalia uzuri wa boksi. Anayejua kuonja, kisha akapiga hesabu, anaweza kuamua vingine.

Kwanza, bidhaa yenyewe. Wiski hiyo hutokana na nafaka, hasa shayiri, inayochachushwa, ikachemshwa na mvuke wake kupozwa. Kanuni ni ile ile ya gongo, isipokuwa hii ina sheria na mkaguzi. Sheria inataka ikae kwenye mapipa ya mti ndani ya kisiwa cha Ireland kwa muda usiopungua miaka 3, na kilevi kisipungue asilimia 40. Inapotoka mtamboni haina rangi, kama Konyagi. Harufu na ladha nyingi inayolipiwa baadaye hutoka kwenye pipa.

Mapipa mengi yanayotumika ni mtumba kutoka Marekani. Sheria ya huko inawataka watengenezaji wa bourbon watumie vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani, hivyo pipa likishatumika mara moja hutafutiwa mnunuzi. Waayalandi ni wateja wakubwa. Gharama huongezeka pale wiski iliyokwisha kukomaa inapohamishiwa pipa lililowahi kuwa na mvinyo mtamu, ikakaa miezi kadhaa au zaidi. Hatua hiyo ndiyo inayoandikwa "finish" kwenye lebo.

Port ni mvinyo wa Ureno unaokatishwa uchachu kwa kuongezewa pombe kali, sukari ya zabibu ikiwa bado haijaisha. Madeira hutoka kisiwa cha Ureno chenye jina hilo, nao huongezewa pombe kali na kupashwa joto. Kiwanda cha Bushmills, kilichoko Ireland ya Kaskazini, kina wiski ya miaka 16 inayomalizia kwenye mapipa ya port, na ya miaka 21 inayomalizia kwenye ya Madeira. Mnunuzi asome vizuri hapa: umri huo si wa pipa la mvinyo. Sehemu kubwa ya miaka hiyo wiski ilikaa kwenye mapipa mengine.

Kwa kuonja, mililita 15 hadi 20 zinatosha, kwenye glasi iliyobanana juu. Barafu isitiwe, kwani baridi huficha harufu, na harufu ndiyo inayokaguliwa. Pua isizamishwe ndani ya glasi. Inukwe kwa mbali kidogo, mdomo ukiwa wazi, ili ukali wa kilevi usizibe mengine. Kisha funda dogo lizungushwe mdomoni kabla ya kumeza. Yaongezwe matone machache ya maji safi, inukwe na kuonjwa tena.

Kinachotafutwa ni zabibu kavu, matunda mekundu, asali, pengine karanga zilizokaangwa. Asiyezijua harufu hizo ana mwalimu jirani. Tangu barabara ya lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, mji huu hauko mbali na mashamba ya zabibu. Glasi ya mvinyo mtamu wa Dodoma ikiwekwa kando ya wiski, pua itajifunza haraka inatafuta nini. Ikiwa hakuna ufanano wowote, mnunuzi ana haki ya kuuliza analipia nini.

Utamu huo usichanganywe na sukari. Kanuni za Ulaya haziruhusu wiski kutiwa sukari wala vionjo. Kinachoruhusiwa ni rangi ya karameli tu, ndiyo maana weusi wa kinywaji si ushahidi wa umri. Tone likisuguliwa vidoleni na kuacha unato kama wa soda, kuna jambo. Kipimo hicho hakitoshi kukamata kila bandia, hivyo stempu ya kielektroniki ya TRA ihakikiwe kwa programu ya simu ya Hakiki Stempu, na risiti ya EFD idaiwe. Chupa isiyo na stempu, hata ikiwa na ladha nzuri, ni hasara inayosubiri mkaguzi.

Sasa hesabu. Tuseme chupa ya mililita 700 imenunuliwa kwa sh. 230,000/-. Kwa toti ya mililita 30 hutoka toti 23, kila moja ikiwa imegharimu sh. 10,000/-. Ikiuzwa sh. 15,000/-, chupa nzima inaleta sh. 345,000/-, yaani faida ghafi ya sh. 115,000/-. Inavutia. Lakini ikiwa wateja ni wa toti 2 kwa wiki, mtaji unarudi wiki ya 8 na faida yote inapatikana wiki ya 12. Fedha hiyo hiyo ikiwa kwenye bia, ikazunguka kila wiki kwa faida ya sh. 30,000/-, wiki 12 zingeleta sh. 360,000/-. Mtaji hapa unashindwa na mzunguko, si na ladha.

Mzunguko wa Babati nao una msimu. Mji ulipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Manyara mwaka 2002 ulipata watumishi na mikutano, na watalii wa Tarangire hupita wilayani. Hata hivyo fedha nyingi hufuata mahindi na mbaazi. Mwaka 2017 India ilipowekea mipaka uagizaji wa mbaazi, bei iliporomoka, na ni vigumu kuamini kuwa toti ya sh. 15,000/- ingekuwa na foleni mwaka huo.

Kwa hoteli yenye wageni wa mbugani, chupa moja inastahili kujaribiwa. Grosari ya mtaani inafaa ingoje mteja aagize na kuacha malipo ya awali. Chupa isimamishwe wima, mbali na jua, maana kilevi kikali kikigusa kizibo cha gome muda mrefu hukila. Na ikishapungua chini ya nusu iuzwe mapema, kwa kuwa hewa iliyoingia huanza kuondoa ile harufu ya pipa la mvinyo iliyolipiwa.